Mkaa, gesi au umeme? Mwongozo kamili wa kupima gharama halisi ya jiko lako

Kila bei ya gesi inapopanda, au mvua zinapofanya mkaa uadimike, swali ni lile lile: nipikie nini ili pesa isiishe haraka? Karibu kila anayejaribu kulijibu kwa hesabu hukwama mahali pamoja. Anaweka bei ya mtungi upande huu, bei ya gunia upande ule, pesa ya LUKU pembeni, halafu anaangalia ipi ni ndogo. Hesabu hiyo haitoi jibu hata ukiirudia mara mia. Kilo ya gesi, kilo ya mkaa na uniti ya umeme hazibebi joto sawa, na sehemu kubwa ya joto hilo haifiki kwenye sufuria.

Kinachotakiwa kulinganishwa ni kitu kimoja tu: sufuria ya chakula kile kile inakugharimu shilingi ngapi kwa kila nishati, kwenye jiko lako, kwa mkono wa yule anayepika kwako. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kulipima hilo nyumbani, kisha namna ya kulishusha.

Bei za mkaa, gesi na vifaa zilizomo humu ni za mfano, ili hesabu ionekane. Weka za mtaani kwako. Aliyeko Kenya atumie tokeni zake badala ya LUKU, hatua hazibadiliki.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Mizani ya dijitali ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari, inayofika kilo 50 na kuonyesha hadi gramu 10. Mizani ya saa ya sokoni haitakufaa, kwa kuwa gramu 100 za gesi haitaziona.
- Kamba imara ya kuning'inizia mtungi, na mfuko mgumu wa kupimia mkaa.
- Sufuria moja yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Utatumia hiyo hiyo kwa majiko yote.
- Maharage ya kutosha majaribio yote, yaliyonunuliwa siku moja kutoka gunia moja. Maharage ya zamani huchelewa kuiva kuliko mapya, na ukichanganya utalaumu jiko bure.
- Chupa ya lita moja ya kupimia maji.
- Kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, la kuzimia mkaa.
- Risiti za LUKU za miezi mitatu iliyopita.
- Daftari, kalamu, na saa ya simu.
- Sumaku ndogo, kama unafikiria kununua jiko la induksheni, yaani jiko la umeme linalopasha chombo kinachoshika sumaku tu.

Kama chakula nyumbani hupikwa na mama, dada wa kazi au kijana wako, mshirikishe tangu sasa. Jaribio lililofanywa na mtu asiyepika kila siku hupima jikoni kwa mtu mwingine.

## Hatua ya 1: Tafuta bei halisi ya kipimo kimoja

Lengo hapa ni kupata namba tatu tu: bei ya kilo moja ya mkaa, bei ya kilo moja ya gesi, na bei ya uniti moja ya umeme.

Mkaa. Anayenunua kwa kopo hajui kilo aliyonunua, na makopo ya wauzaji wawili hayalingani. Pima. Kopo la Sh 2,000 likiwa na kilo 1.6, unalipa Sh 1,250 kwa kilo. Gunia nalo lina mitego yake miwili: lumbesa inayolifanya lionekane limeshiba, na chenga zilizojaa chini. Pima gunia lote, kwa mafungu kama linazidi uwezo wa mizani yako, likiisha pima chenga zilizobaki, toa. Gunia la Sh 50,000 lenye kilo 54, likiacha kilo 4 za chenga, limekupa kilo 50 za mkaa kwa Sh 1,000 kila moja.

Epuka mkaa ulionyeshewa. Unalipia uzito wa maji, kisha unachoma mkaa mwingine kuyakausha hayo maji.

Gesi. Mtungi wa kilo 15 kwa Sh 57,000 ni Sh 3,800 kwa kilo. Mtungi wa kilo 6 kwa Sh 25,000 ni karibu Sh 4,170. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa anayemaliza kilo 15 kwa mwezi ni Sh 5,500 kila mwezi kwa sababu tu ya ukubwa wa mtungi.

Kila mtungi umegongwa namba ya uzito wake ukiwa mtupu, shingoni au kwenye kishikio. Uzito wa mtungi uliojaa ukitoa namba hiyo ndio gesi uliyouziwa. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani, kwa hiyo omba upimiwe mbele yako na usione haya. Sili nzima juu ya valvu haikuambii kuna kilo ngapi ndani. Na siku ya kurudisha mtungi, upime kwanza nyumbani: wengi hurudisha mtungi wenye gesi iliyobaki kwa sababu moto ulianza kupungua nguvu, na hiyo gesi ni pesa yao.

Umeme. Usiulize jirani, soma risiti yako. Chukua pesa uliyolipa, toa kodi ya jengo na deni lolote lililokatwa, gawanya kwa uniti ulizopata. Mfano: Sh 20,000, toa Sh 1,500 ya kodi ya jengo, zinabaki 18,500. Ukipata uniti 51.9, bei yako ni Sh 356 kwa uniti.

Kwa nini jirani asikusaidie? Kwa sababu huenda hamko kundi moja la bei. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa D1, kundi la nyumba zenye matumizi madogo, hulipa Sh 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa Sh 292. Ongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, unapata kama Sh 122, Sh 427 na Sh 356. Shika namba hizi. Zitarudi kwenye hatua ya 6 na zitaamua mengi.

Umemaliza hatua hii ukiwa na namba tatu juu ya ukurasa wa daftari, kila moja ikiwa na tarehe.

## Hatua ya 2: Jua joto linapotelea wapi

Uniti moja ya umeme ni kipimo cha nishati, hivyo tunaweza kuhesabu hata mkaa na gesi kwa uniti. Kilo ya mkaa mkavu ina kama uniti 8 za joto. Kilo ya gesi ina kama uniti 12.8. Tatizo ni kiasi gani kinaingia kwenye chakula.

| Jiko | Joto linalofika sufuriani (makadirio) | Gharama ya uniti moja ya joto iliyofika |
|---|---|---|
| Mkaa, jiko la bati la kawaida | asilimia 20 | Sh 625 |
| Mkaa, jiko banifu lenye udongo ndani | asilimia 30 | Sh 417 |
| Gesi, mtungi wa kilo 15 | asilimia 55 | Sh 540 |
| Umeme, pleti ya koili (T1) | asilimia 70 | Sh 509 |
| Umeme, induksheni (T1) | asilimia 85 | Sh 419 |

Angalia jinsi namba zilivyokaribiana. Kwa bei hizi hakuna nishati inayoishinda nyingine kwa mbali, na mtu anayekuapia kwamba gesi ni nafuu au umeme ni ghali bila kutaja jiko gani hajakuambia kitu. Tofauti kubwa inatoka kwenye jiko, na zaidi ya jiko, kwenye namna ya kupika.

Jedwali halionyeshi hasara moja ya mkaa: muda wa kuwasha na muda wa kubaki. Mkaa unakula pesa kabla sufuria haijakaa juu yake, na unaendelea kuila baada ya chakula kuepuliwa. Gesi na umeme unazima, zinakoma. Ndiyo maana jedwali peke yake halitoshi, na lazima tupike.

## Hatua ya 3: Fanya jaribio la maharage

Maharage yanafaa kwa sababu ndiyo yanayokula nishati nyingi kwenye jikoni za kwetu, na yanasema kweli: ama yameiva, ama bado.

1. Pima gramu 500 za maharage, chambua, loweka saa 8. Muda uwe ule ule kwa kila jaribio.
2. Mwaga maji ya kulowekea, weka lita 2 za maji mapya ya baridi.
3. Pima nishati kabla ya kuwasha chochote (maelezo yako chini).
4. Funika. Yakichemka, punguza moto hadi yatokote taratibu.
5. Yameiva pale punje kumi ulizookota sehemu mbalimbali za sufuria zinapobonyea kati ya vidole viwili bila kiini kigumu. Punje moja haitoshi.
6. Zima, pima nishati tena, andika muda.

Usiongeze maji ovyo. Ukilazimika, ongeza kiasi kilichopimwa na ukiandike. Pika sehemu ile ile ya nyumba, maana jiko lililoko uani kwenye upepo wa bahari halilingani na lililoko ndani.

### Namna ya kupima mkaa

Pima mfuko wa mkaa kabla. Kila kipande utakachotumia kitoke kwenye mfuko huo, pamoja na cha kuwashia. Ukimaliza kupika, hamishia makaa kwenye kopo la bati kwa koleo, funika yafe kwa kukosa hewa, na uyapime kesho yake yakiwa yamepoa kabisa. Toa uzito huo.

Kama nyumbani kwako makaa huachwa yakaungua mpaka majivu, basi usitoe chochote. Huo ndio ukweli wa nyumba yako na ndio unaotafutwa.

Tahadhari: kopo la makaa likae nje, juu ya sakafu au udongo, mbali na watoto. Makaa yanayoonekana yamekufa huamka yakipata hewa.

### Namna ya kupima gesi

Fanya kazi hii nje au dirisha likiwa wazi, bila moto wowote karibu. Funga valvu, ondoa reguleta, ning'iniza mtungi ukiwa wima, soma mizani. Rudisha reguleta, pika, kisha rudia. Tofauti ya uzito ndiyo gesi uliyotumia.

Tahadhari: kila unaporudisha reguleta, paka povu la sabuni kwenye maungio na kwenye mpira. Mapovu yakifura, gesi inavuja: funga, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, pisha hewa. Usitafute mvujo kwa kiberiti, hata kama umewahi kuona fundi akifanya hivyo.

### Namna ya kupima umeme

Zima kila kitu ndani isipokuwa jiko, na friji ichomolewe kwa muda huo. Soma salio la uniti kwenye mita kabla na baada, pamoja na desimali zake. Kama kwenu mita moja inahudumia wapangaji watatu, salio halitakusaidia. Nunua kipima umeme kidogo kinachokaa kati ya soketi na plagi.

Rudia kila nishati mara mbili, siku tofauti. Majibu mawili yakikaribiana, jaribio lako ni zuri. Yakipishana kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, kuna kitu kilibadilika: upepo, mfuniko, au mtu alipita akachochea moto. Fanya la tatu.

## Hatua ya 4: Geuza uzito kuwa shilingi

Zidisha ulichotumia kwa bei ya hatua ya 1. Mfano wa daftari lililokamilika:

| Njia | Kilichotumika | Gharama ya sufuria moja |
|---|---|---|
| Mkaa, jiko la bati | kilo 0.80 | Sh 800 |
| Gesi, sufuria ya kawaida | gramu 170 | Sh 646 |
| Gesi, sufuria ya presha | gramu 65 | Sh 247 |
| Umeme, pleti ya koili | uniti 1.6 | Sh 570 |
| Presha kuka ya umeme | uniti 0.4 | Sh 142 |

Soma mstari wa pili na wa tatu pamoja. Ni gesi ile ile, jiko lile lile, bei ile ile. Kilichobadilika ni chombo. Mtu aliyehama kutoka mkaa kwenda gesi bila presha aliokoa Sh 154 kwenye mfano huu. Aliyebaki kwenye gesi akaongeza presha aliokoa Sh 399.

Maharage peke yake yasikupeleke pabaya, lakini. Rudia jaribio fupi kwa chakula kingine unachopika kila siku, hasa wali na chai. Kwa chai, tofauti ya majiko ni ndogo. Kwa maandazi na chapati, presha haina kazi kabisa. Na ugali una masharti yake: juu ya jiko la kioo sufuria huteleza unaposonga, mkono hauna pa kuegemea, na kioo kinaweza kupasuka. Ugali uache kwenye gesi yenye vishikio imara au kwenye mkaa. Nyumba nyingi zinazotumia pesa vizuri zina majiko mawili, kila moja na kazi yake.

## Hatua ya 5: Bana matumizi kabla ya kununua chochote

Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayorukwa kuliko zote kwa sababu haina kitu kipya cha kununua.

Funika sufuria na shusha moto. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji joto la kilojuli 314. Kuigeuza lita hiyo hiyo kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260 nyingine, zaidi ya mara saba. Kwa hiyo mvuke unaoruka jikoni ndio mwizi mkubwa kuliko wote. Na maji yakishachemka, hayaongezeki joto kwa kuchochewa. Maharage yanayotokota taratibu na yanayofoka yako kwenye nyuzi zile zile, yanaiva kwa muda ule ule. Kinachoongezeka ni mvuke na bili.

Jipime: weka lita 2 za maji, chemsha bila mfuniko nusu saa, pima maji yaliyobaki. Kesho yake fanya hivyo hivyo kwa mfuniko na moto mdogo. Mwite anayepika aone chupa mbili za maji yaliyobaki zikiwa zimesimama pamoja. Hilo humshawishi mtu kuliko maneno.

Loweka nafaka ngumu. Maharage, makande, choroko na njugu mawe zilale kwenye maji usiku. Muda wa jikoni unapungua, hivyo nishati inapungua kwa jiko lolote ulilonalo.

Safisha jiko. Moto wa gesi uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inapata masizi, gesi haiungui yote: zibua vitundu vya kichomeo kwa pini, futa mafuta, angalia tundu la kuvutia hewa. Moto usizidi kitako cha sufuria, maana unaopanda pembeni unapasha ukuta. Kwenye jiko la mkaa, kung'uta majivu kabla ya kuwasha ili hewa ipite, tumia mlango wa hewa kupunguza moto, na usijaze mkaa mpaka juu kwa sababu ya sufuria ndogo. Udongo wa ndani ukipasuka, jiko banifu limebaki jina.

Tazama kitako cha sufuria. Kwenye pleti ya umeme, sufuria iliyobonyea inagusa kidogo tu na joto lingine linapotea hewani. Iweke juu ya kioo cha dirisha au meza iliyonyooka, uone kama inacheza.

Panga mapishi ya mkaa mfululizo. Ukishawasha, pika mboga, kisha wali, kisha maji ya chai yaingie kwenye chupa. Kuwasha jiko mara tatu kwa siku ni kulipia kuwasha mara tatu.

Umefaulu ukirudia jaribio la maharage na namba ikashuka. Isiposhuka hata kidogo, aliyepika hakubadilisha kitu, au alikuwa tayari mpishi makini.

## Hatua ya 6: Nunua kifaa kwa hesabu

Sasa ndipo dukani. Kanuni ni fupi: bei ya kifaa, gawanya kwa akiba ya wiki, unapata wiki za kurudisha pesa.

Tuseme unapika chakula kigumu mara nne kwa wiki na sasa unatumia gesi bila presha. Presha ya kuweka jikoni ya Sh 60,000 inaokoa Sh 399 kila mara, karibu Sh 1,600 kwa wiki. Itarudi kwa wiki 38 hivi. Presha kuka ya umeme ya Sh 150,000 inaokoa Sh 504 kila mara, kama Sh 2,000 kwa wiki, na itarudi kwa wiki 75. Zote zinalipa. Lakini mwenye Sh 60,000 mkononi asikope ili anunue ya umeme. Presha ya kawaida inamtosha, na umeme ukikatika anaendelea kupika.

Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa:

Mteja wa D1 awe mwangalifu. Kwa Sh 122 kwa uniti, presha kuka ya umeme inapika maharage kwa chini ya Sh 50, na hakuna nishati nyingine inayoikaribia. Lakini kikomo ni uniti 75 kwa mwezi. Tuseme nyumba yako inatumia uniti 40 kwa taa, friji ndogo na televisheni. Presha kuka inayokula uniti moja kwa siku inakufikisha 70, bado uko salama. Pleti ya koili inayokula uniti tatu kwa siku inakufikisha 130: uniti 55 zinalipiwa kwa bei ya juu, na ukizidi mara kwa mara unaweza kuhamishiwa T1, ambako hata taa zako zinapanda bei. Fanya hesabu hii kabla ya kuchomeka jiko lolote la umeme.

Induksheni na sufuria zetu. Induksheni inapasha chombo kinachoshika sumaku tu. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na alumini haishiki. Pita na sumaku jikoni kwako. Ikidondoka kwenye kila sufuria, jumlisha bei ya sufuria mpya kwenye bei ya jiko, kisha rudia hesabu ya wiki.

Nyaya. Soketi ya kawaida ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000 kwa ukomo. Jiko la pleti mbili na birika kwenye ekstensheni moja ni njia ya moto. Plagi ikiwa ya moto ukiishika, zima na umwite fundi umeme.

Presha ya kawaida. Angalia kama mpira na valvu za akiba zinapatikana mtaani. Kabla ya kila pishi, puliza tundu la mvuke uone liko wazi, usijaze zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage usizidi nusu kwa sababu ya povu. Usifungue mpaka mvuke uishe wenyewe.

## Hatua ya 7: Maji ya kuoga na baridi ya nyanda za juu

Hapa ndipo pesa ya LUKU inapotea kimya kimya Arusha, Mbeya, Iringa na Njombe.

Hita ya bafuni ya papo kwa papo ya wati 4,500 ikifunguliwa dakika 10 inakula uniti 0.75. Watu watano kila siku kwa siku 30 ni uniti 112.5, karibu Sh 40,000 kwa bei ya T1. Soma wati zilizoandikwa ubavuni mwa hita yako, fanya hesabu yako. Kupunguza kutoka dakika 10 hadi 5 kunakata bili hiyo nusu.

Ndoo ya lita 10 ni nafuu zaidi: chemsha lita 2.5 kwenye birika la umeme, changanya na lita 7.5 za maji ya baridi. Unapata maji ya nyuzi kama 40 kwa chini ya Sh 100. Maji ya baridi yatangulie kwenye ndoo, ya moto yafuate, na mtoto asiwe karibu.

Kupasha chumba ni ghali kuliko kumpasha mtu. Hita ya chumba ya wati 1,500 kwa saa nne ni uniti 6, zaidi ya Sh 2,100 kwa usiku mmoja. Kabla ya kuinunua, ziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa, ziba nyufa za fremu za madirisha, weka pazia zito linalofika chini, na kama nyumba haina dari, hilo ndilo la kwanza kuwekea akiba. Joto jingi linapotelea kwenye bati. Mfuko wa maji moto kitandani unagharimu shilingi chache kwa usiku.

Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Kamwe. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Jiko linaloonekana limetulia, lisilo na moshi, bado linaitoa, na kwenye chumba kilichofungwa watu waliolala hawaamki. Kichwa kikiuma, kizunguzungu au kichefuchefu kikiwapata watu wawili chumba kimoja, tokeni nje mara moja, kisha muende hospitali.

## Hatua ya 8: Fuatilia mwezi mzima

Jaribio la maharage ni la siku moja. Mwezi ndio unaothibitisha. Gawa ukurasa wa daftari safu nne: tarehe, umenunua nini, kiasi kwa kilo au uniti, shilingi. Bandika kwenye mlango wa kabati la jikoni, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi, na kila anayenunua aandike papo hapo.

Mwisho wa mwezi jumlisha nishati zote pamoja, pamoja na mkaa wa Sh 500 ulionunuliwa jioni umeme ulipokatika. Hizo ndogo ndogo ndizo zinazosahaulika na mara nyingi ndizo ghali kwa kilo. Toa uniti zisizo za jikoni kwa kutumia wastani wa risiti za miezi mitatu ya nyuma.

Jumla ikiwa imeshuka, endelea ulivyo. Ikiwa haijashuka ilhali jaribio lilionyesha nafuu, tafuta kwenye mambo matatu kwa mpangilio huu: je, jiko la zamani bado linawashwa kwa mazoea, je, kuna mvujo wa gesi, je, familia imeongeza mapishi kwa kuwa sasa ni rahisi kuwasha? La mwisho si kosa. Watoto wanaopata uji wa asubuhi ambao zamani haukupikwa kwa uvivu wa kuwasha mkaa wamepata kitu, na pesa hiyo iandikwe kwenye safu ya chakula.

Rudia hatua ya 1 kila bei yoyote kati ya tatu inapobadilika, hasa kipindi cha masika mkaa unapopanda. Majaribio ya hatua ya 3 huna haja ya kuyarudia, maana kilo na uniti za jiko lako hazibadiliki mpaka ubadilishe jiko, sufuria au mpishi. Chukua kilo 0.80, gramu 170 na uniti 0.4 za kwako, zidisha kwa bei mpya, utajua jioni hiyo hiyo uwashe lipi.